Taya la Mzee Kombo na Ngumi za Zama Mbili

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine mnaokuja kukaa barazani kwangu kwa sababu mtandao unashika vizuri, jana mlinichosha. Tangu alasiri mnabishana bondia gani wa uzito wa juu alikuwa na ngumi nzito zaidi: huyu wa sasa, yule wa enzi za baba zenu, au wale wa picha za kijivu wanaopigana bila sauti. Mmoja anasema simu yake imeandika ngumi ya kilo kadhaa, mwengine anasema yake imeandika zaidi, na kila mmoja anaiinua simu kama hati ya shamba. Hakuna aliyeniuliza mimi, mtu niliyepima karafuu Wete, Pemba, tangu ndevu hazijaota sawasawa mpaka zikageuka nyeupe. Swali lenu hilo sisi tulikwisha kulipima ghalani, mbele ya mashahidi, kabla mama zenu hawajazaliwa.

Lakini huwezi kuelewa upimaji wa ngumi kama huelewi upimaji wa karafuu. Mizani yetu ilikuwa kapani, mti mrefu wa chuma uliotundikwa darini, huku sahani ya mbao kwa minyororo na kule sahani nyengine. Huku unaweka mawe ya chuma, kule gunia, halafu unasubiri vitulie. Siku hizi unabonyeza tu namba inatokea, hata mtu asiye na akili anaweza kuajiriwa. Kapani ilikuwa na tabia zake. Mara yangu ya mwanzo kuachiwa peke yangu nilipima na mlango uko wazi, kaskazi inavuma, sahani zinacheza, na gunia moja likanipa uzito wa aina tatu. Mwenye gunia, mtu wa Mgogoni, akachagua ule aliouona unampendeza, nami nikauandika huo huo.

Aliyenifunza kufunga mlango alikuwa Mzee Kombo, mtu wa Kiuyu, mfupi, mwembamba, mwenye goti moja bovu. Alikaa kwenye benchi chini ya kapani, na kazi yake yote ilikuwa kuuzuia mti wa chuma kwa vidole viwili mpaka utulie, kisha kusema "Haya, soma." Kwa hakika alikuwa hamali kama wenzake, na hamali kazi yake ni kubeba magunia kutoka ghalani mpaka chomboni. Yeye habebi. Wenzake walimwachia benchi kwa heshima ya jambo moja alilolifanya ujanani bandarini Mombasa. Alisimama mbele ya ngumi ya bondia wa uzito wa juu, na hakuanguka.

Kisa chenyewe tulikijua sote kwa moyo. Kulikuwa na mchochea makaa wa meli moja, jitu la miraba minne, mabaharia wenziwe wakimwita Dubwana. Meli ikitia nanga, Dubwana anashuka gatini, anavaa glavu, na yeyote ajionaye mwanamume anaruhusiwa kupokea ngumi moja ya kidevu. Wachukuzi wa Mombasa walidondoka mmoja baada ya mmoja. Akaja Kombo wa Pemba, akapokea yake, akabaki amesimama, akamuuliza lile jitu, "Ndo hiyo?" Mzee Kombo akifika hapo huwa anakohoa kidogo, ili tupate nafasi ya kustaajabu, nasi tulistaajabu kila mara.

Sasa, wakati ule siasa zilikuwa zimepamba moto kisiwani. Watu wa nyumba mbili zinazotazamana hawasalimiani, huyu haendi mazishini kwa yule. Ghalani tulikatazana siasa kabisa, tena kwa kiapo, maana pana kulabu, mawe ya chuma na vijana wenye nguvu. Kwa kuwa binadamu lazima abishane, tukabaki na ngumi. Muuza kahawa jirani yetu alikuwa na redio, na redio ikitaja pambano la uzito wa juu huko Amerika, ghala zima linagawika, zama za kale upande huu, zama za sasa upande ule.

Kiongozi wa zama za sasa alikuwa Faki, kijana wa Gando, bega lake moja linatosha kukaliwa na paka wawili. Alikuwa amekaa Dar es Salaam akifanya mazoezi ya ngumi, akarudi na glavu zake mwenyewe, nyekundu, moja imechanika na imeshonwa kwa uzi wa magunia. Mzee Kombo alikuwa hamwachi.

"Vijana wa leo ngumi zenu za pamba," husema kila Faki akipita na gunia. "Mnapigana au mnapangusana jasho?"

Faki alivumilia, akavumilia, mpaka siku moja mgongo unamuuma akalitua gunia katikati ya ghala. "Sikiyani," akasema. "Wale wa zamani walikuwa wakitekenyana. Na kama ngumi zao zilikuwa nyepesi, basi kusimama mbele ya mmoja wao si kazi ya n'tu kupewa benchi. Mzee na abebe gunia kama sie."

Mzee Kombo aliondoa vidole kwenye kapani. Hakuwa na mtoto wa kiume wala shamba, na goti lile lisingeweza kupanda ubao wa kuingilia chomboni hata akiwa mtupu, sembuse na gunia kichwani. Akiondolewa benchini, msimu ule usingemalizika akiwa mzima. Sote tulilijua hilo, lakini Faki alikuwa amesema kitu ambacho mahamali wengine walikuwa wakikiwaza kimyakimya miaka yote. Wakakubaliana kwamba ngumi za zama mbili zipimwe, na matokeo ndiyo yaamue habari ya benchi.

Wote wakanigeukia mimi, mwenye mizani.

Nikajipa uhodari. Nikasema ngumi ni uzito, na uzito unapimwa kwa frasila, kipimo chetu cha karibu kilo kumi na sita. Tukaweka mawe kwenye sahani ya huku, Faki akavaa glavu, akaipiga sahani tupu ya kule kwa nguvu zake zote kutoka juu. Ulipoinuka upande wa mawe nikapiga kelele, "Frasila mbili!" Sikuwahi kumaliza neno. Mawe yalirudi chini, na sahani ya Faki ikapanda kwa kasi ileile ikamkuta chini ya kidevu. Akakaa chini taratibu, kama mtu aliyekaribishwa chai. Mzee Kombo akasema kapani imeshinda raundi ya mwanzo.

Jifunzeni hapo, nyinyi wa simu. Mizani hupima kitu kinachokaa, na ngumi haikai, inafika na kuondoka. Na hata kama tungeipata ya Faki, ya Dubwana tungeipata wapi? Meli yake huenda ilishakuwa vyuma chakavu. Hapo ndipo Faki, bado amekaa chini na kidevu kimevimba, alipotoa fikra ambayo mpaka leo siwezi kuidharau.

"Mizani ipo," akasema, akimnyooshea kidole Mzee Kombo. "Taya la yuno. Ngumi ya zamani lishaipokea. Na lipokee yangu, kisha yeye mwenyewe aseme ipi nzito."

Duniani kote palikuwa na chombo kimoja tu kilichoweza kuzipima zama mbili, nacho kilikuwa kinatafuna tambuu kwenye benchi letu. Mzee Kombo akiangushwa, ngumi za zamani ni nyepesi na yeye anarudi kwenye magunia. Akibaki amesimama, benchi ni lake. Akakubali mbele ya watu kwa sauti kubwa. Kisha akanivuta nyuma ya marundo ya magunia, akanishika mkono.

"Ukiniona nayumba," akaninong'oneza, "n'shike kwa nyuma, nguo ya kiunoni, wasione."

Nilimpenda sana mzee yule, na moyo uliniuma. Nikamwambia nitamshika, lakini nilikuwa namtazama Faki alivyo na nikajua tutaanguka wote wawili.

Aliyetuokoa, au aliyetuharibia zaidi, sijui, ni Bi Hadia. Bi Hadia alikuwa mkubwa wa wanawake waliokuwa wakikonyoa karafuu, yaani kuzitenga na vikonyo vyake, na majamvi yote ya kuanikia uani yalikuwa chini ya amri yake. Hata tajiri mwenye ghala alivua viatu akipita kwenye majamvi ya Bi Hadia. Faki anavaa glavu, Mzee Kombo anasoma dua ambayo haina mwisho, akaingia Bi Hadia na ungo mkononi.

"Mwapima nini?"

Tukamweleza. Akamtazama Faki usoni, akamzunguka kama anavyozunguka gunia la mtu asiyemwamini.

"Yuno mbichi," akasema. "Hapimwi."

Vijana, karafuu mbichi ni nzito kuliko kavu, na aliyezoea ujanja hulilaza gunia karibu na bahari likanywa unyevu likaongezeka uzito bila kuongezwa hata chembe moja. Ndiyo maana tulikuwa tunazamisha mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko. Karafuu kavu inachoma mkono kwa ukavu, ukiivunja shingo inalia tik. Iliyo mbichi inapinda tu, haisemi kitu. Na sheria ya kwanza ya ghala letu ilikuwa kwamba kibichi hakipandi kapani, awe anayekileta ni yeyote.

"Ngumi ya n'tu mwenye hasira ina maji ndani," akasema Bi Hadia. "Uzito wake si wa kweli. Mkausheni kwanza. Na hizo glavu ni kama gunia lake tunalolitoa kwenye hesabu, nazo zitolewe, apimwe mtupu."

Watu wa mji mwengine wangecheka. Sisi hatukucheka, sisi tulikuwa watu wa karafuu, tuliona haki tupu. Hata Faki akakubali, ila naye alikuwa mpimaji kwa kukaa na wapimaji.

"Na kumbukumbu ya Mzee je?" akauliza. "Imelala bandarini miaka yote hino, haikunywa unyevu? Nayo ianikwe."

Bi Hadia akafikiri. "Nayo ianikwe," akasema.

Basi wakaanikwa wote wawili. Kila siku kazi ikipungua, Faki anakaa jamvi moja, Mzee Kombo jamvi la pili, juani, na Bi Hadia anawapindua wanapopata joto upande mmoja. Wingu likitanda, wanawake wanakimbia kukunja majamvi, na wao wanakimbizwa ndani pamoja na karafuu. Tajiri wetu alipita siku moja akawaona wamelala wanakodoa macho mbinguni, akauliza hawa ni daraja gani.

"La tatu, bwana," akajibu Bi Hadia, "ila wakipata jua watafika la pili."

Tajiri akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Sidhani kama alituelewa, lakini alikuwa na desturi ya kutomuuliza Bi Hadia jambo mara mbili.

Kupima ukavu wa Faki ilikuwa kazi yangu. Karafuu unaivunja shingo, mtu unamtukana kidogo. Jua likishuka naenda jamvini, namwambia, "Faki, nasikia kwenu Gando samaki mnawaita kwa majina mpaka wanakuja wenyewe kwa kuwahurumieni." Anaruka, mishipa imemsimama shingoni, Bi Hadia anasema, "Bado." Kesho yake namwambia miguu yake imeazimwa kwa mtu mfupi. Bado. Mahamali wote wakaanza kuniletea matusi, wengine wakiyatunga usiku kucha, na Faki akawa kila akitukanwa anazidi ubichi. Nilidhani msimu utatushinda.

Kwa Mzee Kombo kipimo kilikuwa chengine. Alitakiwa asimulie kisa cha Dubwana, na Bi Hadia akisikia chochote kilicholowa anainua kidole. Mwanzoni Dubwana alikuwa haingii mlango wa ghala. Baada ya jua kali akawa anaingia akiinama. Tukapata siku mbili tatu za kiangazi kizuri, Dubwana akawa mrefu wa kawaida, ila mnene. Wale wachukuzi wa Mombasa waliodondoka kabla ya Mzee walikuwa ishirini, wakawa sita, kisha akakumbuka wengine walikuwa wamekaa tu. Nikimsikiliza nilikuwa nasononeka. Nilimwona mzee wangu anapungua mbele ya macho yangu, na sikuwa na namna ya kumwambia anyamaze.

Faki alikauka ghafla. Nilimwendea na tusi jipya, zito kwa kweli, linalohusu bega lake na punda wa shangazi yake. Akaniangalia, mdomo ukamcheza, akaanza kucheka mpaka akajikunja jamvini. Akanisahihisha kwamba punda yule ni wa mjomba, tena akaongeza sehemu ambayo mimi sikuithubutu. Bi Hadia akaja, akamfinya shingoni, akasema, "Kakauka huyu. Kesho apimwe."

Kesho yake nilifunga mlango wa ghala ili upepo usije ukaharibu kipimo. Nakwambieni hivyo mjue tulikuwa tunafanya kazi kwa uangalifu. Faki akasimama mikono mitupu. Uso wake haukuwa na hasira hata punje, na naona hapo ndipo alipotambua anachokwenda kufanya: kumpiga mtu wa umri wa baba yake, mbele ya watu, bila kuwa na ugomvi naye. Mkono ukawa mzito kuinuka.

"Mzee, mie naona tuache," akasema.

"N'tu hapimwi nusu," akajibu Mzee Kombo. Akatema tambuu, akafuta mdomo, akamletea taya. Mimi nilikuwa nyuma yake, mkono tayari kwenye nguo ya kiunoni.

Faki akapiga. Ilikuwa ngumi ya kweli, sitasema uongo, niliusikia mfupa. Kichwa cha mzee kilirudi nyuma, kofia ikaruka, goti lile bovu likakunjika. Nikamkamata. Akanipiga kibao cha mkono, nimwachie. Nikamwachia. Akayumba huku, akayumba kule, kama kapani na mlango wazi, halafu akatulia. Alikuwa amesimama.

Ghala zima likamsogelea. "Haya sema, Mzee. Ipi nzito? Ya Dubwana au hino?"

Mzee Kombo alilishika taya lake akalitingisha. Akamtazama Bi Hadia, akatutazama sote, nikaona macho yake yamejaa.

"Ya Dubwana siijui," akasema. "Sikuisikia. Niliona glavu inakuja, nikazinduka nimelazwa juu ya magunia ya kahawa, watu wananimwagia maji. Hayo mengine yote nimehadithiwa, na mengine nimejihadithia mwenyewe."

Bi Hadia hakuinua kidole.

Hapo pakazuka kelele ambayo sijapata kuisikia tena mahali pa kazi. Wa zama za kale wakaruka juu: Dubwana alimlaza akiwa kijana, Faki kashindwa kumlaza akiwa mzee, kwa hivyo ngumi ya zamani ni nzito, kesi imekwisha. Faki akapiga kelele kwamba ya kwake imekaushwa na kutolewa glavu, hesabu gani hiyo. Akajibiwa, wakajibizana mpaka hamali mmoja, mtu mpole kwa kawaida, akasema taratibu lile lililokuwa linangojewa.

"Lakini benchi alipewa kwa kusimama. Na kumbe alianguka."

Mzee Kombo aliinama akaokota kofia yake, akaipangusa, akatazama rundo la magunia yaliyokuwa yanangoja chombo. Akapiga hatua moja kulielekea.

Faki akamzibia njia. "Wapi, Mzee?"

"Kubeba."

"Kwani leo hukusimama?" Faki akawageukia wenziwe, akiusugua mkono wake uliovimba. "Kasimama mbele yangu mie, macho yenu yanaona. Mwenye kusema kusimama mbele ya ngumi yangu si kazi, na aje hapa asimame yeye, nami sasa hivi nishakuwa mbichi tena."

Wote wakaangalia chini, wengine wakaanza ghafla kuhesabu magunia. Na tangu siku hiyo hakuna aliyelilinda benchi lile kama Faki. Ukimgusa Mzee Kombo umeigusa ngumi ya Faki, maana taya la mzee ndilo lililokuwa shahidi wake pekee kwamba ni nzito.

Kwa hivyo msiniulize kilo. Mimi nilirudi kwenye kapani, nikapandisha gunia, na Mzee Kombo akakaa mahali pake akauzuia mti wa chuma kwa vidole viwili. Shavu lilikuwa limeshafura. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Naumwa vibaya, mwanangu," akasema, anacheka na machozi yanamtoka. "Wacha niumwe. Leo ndo siku yangu ya mwanzo kusimama."